Kutoka Pombe ya Mungumi hadi Zabibu za Bihawana

Kolo ni kijiji cha njiani. Kiko kwenye barabara kuu iendayo kaskazini, kilomita 180 hivi kutoka Dodoma, mbele kidogo ya Kondoa mjini, na abiria wa basi la Arusha hukipita bila kugeuza shingo. Anayeshuka hapo mara nyingi ana shughuli moja tu: kwenda ofisi ya Mambo ya Kale, kulipa kiingilio, kupewa kiongozi, kisha kushika njia ya vumbi inayovuka mto wa mchanga kuelekea milimani. Njia ya gari ikiisha anapanda kwa miguu. Huko juu, chini ya miamba iliyoegama, kuna michoro myekundu ya watu warefu, wembamba kama fito, wenye nywele zilizotuna, na ya wanyama wa kila aina. Mary Leakey na mumewe Louis walikuja kuinakili mwaka 1951, na mwaka 1983 Mary akatoa kitabu kizima kuihusu. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia: mapango zaidi ya 150 yaliyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336.

Pango mojawapo, lile la Mungumi wa Kolo, limewapa wahifadhi kazi ya ziada. Warangi wa vijiji vya jirani wamekuwa wakipanda huko tangu zamani kuomba mvua, kutafutia wagonjwa uzima na kuondoa mikosi. Ombi la namna hiyo haliendi mikono mitupu. Huchinjwa mbuzi, na pombe ya nafaka hunyunyizwa mwambani. Mwaka baada ya mwaka mafuta na pombe vimeacha utando juu ya michoro. Wapo wataalamu wanaouona utando huo kama uharibifu wa kuzuiwa, na wapo wanaosema kwamba kumfungia mlango mwenye kuomba ni kuua nusu ya urithi wenyewe. Mimi nasimama na hawa wa pili. UNESCO yenyewe, ilipoipokea Kondoa, ilihesabu imani na matambiko ya wakazi kuwa sehemu ya thamani ya mahali hapo. Sasa utamwambiaje mzee anayeomba mvua kwamba imani yake inatambuliwa duniani, ila kibuyu chake akiache getini?

Nimeanza na pombe hiyo kwa makusudi. Historia ya mvinyo wa Dodoma husimuliwa kwa kawaida kana kwamba ilianza siku padri Mwitalia alipochomeka vipando vyake ardhini, na kana kwamba kabla yake uwanda huu haukujua kuchachusha kitu. Kumbe padri alikuja mwishoni. Alikuta watu wenye ujuzi wa karne nyingi wa kugeuza mazao kuwa kinywaji, wenye ratiba yao ya kunywa na sababu zao za kunywa, na alikuta kiangazi ambacho kilikwisha kuwafundisha wote adabu. Mvinyo ulipokuja ulikalishwa katika kiti ambacho tayari kilikuwa na umbo.

Tazama pombe ya mtama au uwele inavyopikwa, maana hapo ndipo tofauti na undugu wake na mvinyo huonekana. Nafaka haina sukari ya kuchachuka, ina wanga. Mama hulowesha punje siku moja au mbili, huzichuja, huzitandaza na kuzifunika kwa majani au magunia yaliyolowa, na kuziacha gizani. Punje hudhani imeshafika shambani. Inaamka, inatoa mzizi, na ndani yake inaanza kuuvunja wanga kuwa sukari ili kumlisha mche mchanga. Kabla mche haujala, mama anaufunua, anaanika punje juani, na safari ya mche inaishia hapo. Hicho ndicho kimea. Kikisagwa na kuchanganywa na uji uliopoa, kinaendelea na kazi yake ya kutengeneza sukari ndani ya mtungi. Kwanza uji huwa mchachu, kisha chachu zinazoishi kwenye mtungi na kibuyu zinaishika sukari ile na kuigeuza kuwa kileo na hewa. Mtungi wa pombe hausuguliwi ukang'aa. Mpishi anayejua kazi yake huuacha na kumbukumbu ya pombe iliyopita, maana kumbukumbu hiyo ndiyo chachu yenyewe. Kisha pombe huchujwa na kunywewa ingali inatokota. Siku ya tatu imeshakuwa kali, na zikipita siku chache zaidi ni siki.

Kinywaji kisichokaa hakina biashara ya mbali. Kinahitaji watu wawepo siku hiyo hiyo. Kwa hiyo pombe ya uwanda wa kati ilifungamana na mikusanyiko: kuita majirani kulima au kujenga, arusi, jando, matambiko. Mingi ya mikusanyiko hiyo huangukia baada ya mavuno, kuanzia Mei na Juni, ghala likiwa limejaa na anga likiwa limefunga. Hapa mvua ni msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na Dodoma hupata milimita kati ya 550 na 600 kwa mwaka mzima. Miezi saba inayobaki ni ukavu. Kiangazi ndicho kilichokuwa msimu wa kinywaji, muda mrefu kabla mtu hajaona kishada cha zabibu.

Karne ya 19 ilileta wageni. Misafara ya pwani ilifanya kituo Kondoa-Irangi, na pamoja na vitambaa na shanga ikaja dini. Leo Warangi wengi ni Waislamu, na bado pombe imepanda mlimani Mungumi. Wanaoona mgongano hapo huwa hawajakaa na watu. Kilichokuwa cha mababu kiliachwa kikae kwa mababu. Kusini, Ugogo, wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na mwaka 1927 dayosisi ya Kianglikana ya Central Tanganyika iliundwa chini ya Askofu George Chambers aliyetoka Australia. Kwao pombe ilikuwa adui wa wazi, na Mkristo wa kanisa lile alitambulikana kwa kutokunywa. Kwa hiyo hadi kufikia wakati wa vita vya pili vya dunia, uwanda huu ulikuwa na Waislamu wasiotakiwa kunywa, Waanglikana waliokatazwa, na wazee wa mila ambao bila pombe hawawezi hata kuzungumza na wafu wao. Si mahali ambapo mtu angetabiri kiwanda cha mvinyo.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na njaa. Aprili 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, wapanda farasi wa Jenerali van Deventer kutoka Afrika Kusini waliteka Kondoa-Irangi, mvua ikawafungia humo, na usiku wa tarehe 9 Mei kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akawashambulia bila kufanikiwa kuwang'oa. Majeshi yote mawili yalikula nchi. Yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua vijana kuwa wapagazi, na mvua zilipokosekana baadaye hapakuwa na akiba. Wagogo wanaiita njaa ya 1917 hadi 1920 Mtunya, na jina hilo bado lina uzito wake midomoni mwa wazee. (Vita hiyo iliiachia Mungumi balaa la pembeni: uvumi kwamba Wajerumani walificha dhahabu pangoni. Watafuta mali wamechimba na kuchimbua humo kwa miaka mingi. Nadhani mashimo yao yameharibu zaidi ya pombe yote iliyowahi kunyunyizwa, lakini hao hawaandikiwi makala nyingi.)

Njaa ilifichua udhaifu wa pombe ya nafaka: inakula chakula. Debe la uwele lililokwenda mtungini halirudi chunguni. Mwaka mzuri hilo ni neema, mwaka mbaya ni ugomvi wa mume na mke, wa mzee wa kaya na mtawala wa wilaya. Uwanda unaokosa mvua mara kwa mara ulikuwa na sababu ya kukaribisha kinywaji kisichogusa ghala. Asali ilikuwepo, na wanzuki ulijulikana tangu Singida hadi Tabora, ila asali hutegemea misitu na bahati. Mzabibu haukuwa umefika.

Ulifika kwa sababu isiyohusiana na kiu. Wilaya ya kikanisa ya Dodoma ilipoanzishwa mwaka 1935 ilikabidhiwa mapadri wa Mateso, Wapasionisti, kutoka Italia. Misa haiendi bila divai, na sheria ya Kanisa ni kali juu ya jambo hilo: iwe ya zabibu, iwe ya asili, isiwe imeharibika. Pombe ya uwele haiwezi kushika nafasi yake, wala wanzuki, hata kama ni bora kiasi gani. Divai ya misa ilipaswa kusafiri kwa meli, kisha kwa reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910, kisha kwa gari au baiskeli hadi kigangoni. Shida hiyo ni ya zamani. Ndiyo iliyowafanya watawa wa Kihispania wabebe mzabibu mweusi hadi Mexico, Chile na California, ambako hadi leo aina hiyo inaitwa País kwa Wachile na Mission kwa Wamarekani. Huko Rasi ya Tumaini Jema, Mholanzi Jan van Riebeeck alikamua zabibu za kwanza tarehe 2 Februari 1659, ingawa yeye alikuwa na mabaharia akilini zaidi ya madhabahu. Uwanda wa kati wa Tanganyika ulisubiri karne tatu zaidi. Tarehe inayotajwa sana ni 1957, na mahali ni misheni ya Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, wakati jimbo likiwa chini ya Askofu Anthony Pesce. 

Sasa ngoja tukae kidogo shambani, maana hapa ndipo mzabibu ulipopata tabia ambayo hakuna padri aliyeipanga.

Mzabibu ni mti wa nchi zenye majira ya baridi. Kwao, majani hupukutika, utomvu husimama, mti hulala miezi kadhaa, na joto la majira ya kuchipua huuamsha. Mavuno ni mara moja kwa mwaka, na kila chupa huandikwa mwaka wake. Dodoma iko karibu nyuzi 6 kusini ya Ikweta, katika mwinuko wa mita 1,100 na ushei. Baridi ya kumlaza mzabibu haipo. Juni na Julai usiku hupoa kiasi cha kumfanya mtu avute blanketi, mchana jua linarudi, lakini mti haulali. Ukiachwa wenyewe utaendelea kuota ovyo, majani juu ya majani, vishada vichache hapa vimeiva na pale vingali maua. Kinachoupa mpangilio ni mkasi wa mkulima na kiu. Ukipogoa, mti unavuja maji kwenye jeraha kana kwamba umechomwa, halafu vifundo vilivyosinzia vinafunguka vyote kwa pamoja. Kuanzia hapo huhesabiwa takriban miezi minne hadi kuvuna. Kwa hiyo hapa mwaka wa mzabibu hauanzi mbinguni. Unaanza siku mwenye shamba anapoamua kuchukua mkasi.

Na kwa kuwa mti haulali, unaweza kupogolewa mara mbili na kuvunwa mara mbili. Zabibu za kwanza hukatwa kati ya Februari na Machi, nyingine kati ya Agosti na Septemba. Ziko sehemu chache duniani zinazoweza hivi. Bonde la mto São Francisco huko kaskazini-mashariki mwa Brazili ni mojawapo, nalo pia liko katika joto kavu karibu na Ikweta. Watu hulisifu jambo hili kwa wingi wake, vishada mara mbili kwa mwaka. Mimi naona wingi ndio sehemu ndogo ya habari. Jambo kubwa ni kwamba mavuno hayo mawili hayafanani.

Zabibu ya Machi imeivia kwenye mvua. Mizizi inakunywa bila kikomo, tunda linavimba, sukari inazimuliwa, ganda linakuwa jembamba na wakati mwingine linapasuka. Unyevu unaleta ubwiri, na shamba lisilopulizwa dawa kwa wakati hugeuka jeupe kama limemwagiwa unga. Mvinyo wake huwa mwepesi, rangi haikukolea. Zabibu ya Agosti imeivia wakati hakuna wingu. Mti umebanwa na kiu, tunda ni dogo, ganda nene, na kwa kuwa rangi na ukali wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, wala si kwenye maji ya ndani, tunda dogo hutoa mvinyo mzito. Sukari iko juu, hivyo kileo kiko juu. Usiku wa baridi huokoa sehemu ya uchachu ambao joto la mchana lingeuunguza wote. Shamba moja, mti mmoja, mkulima yule yule, lakini vinywaji viwili. Wenye mashamba ya Mpunguzi au Mbabala wanalijua hilo kwa ulimi bila kufundishwa, wakiwa na maji ya kumwagilia. Asiye na maji huvuna mara moja na kushukuru.

Ndiyo maana nashangaa kwamba chupa za Dodoma hazisemi ni za msimu gani. Kuandika mwaka peke yake ni kuiga desturi ya watu wanaovuna mara moja. Mvinyo wa kiangazi ungepaswa kusimama kwa jina lake, na wa masika kwa jina lake, kila mmoja na bei yake. Badala yake mavuno yote mawili huishia tangi moja.

Aina iliyoshika zaidi inaitwa Makutupora, nyekundu, na imepewa jina la mahali ilipo stesheni ya utafiti wa zabibu, kaskazini mwa jiji, kwenye barabara hii hii inayokuja Kolo. Makutupora ndiko pia kuliko na visima virefu vinavyolinywesha jiji la Dodoma. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anapokunywa maji na anapokunywa mvinyo, mara nyingi anatumia jina moja la mahali. Nyeupe inayojulikana zaidi ni Chenin Blanc, ile iliyotoka Ufaransa na kukita mizizi Afrika Kusini. Udongo wa sehemu nyingi za Dodoma ni mchanga mwekundu uliomong'onyoka kutoka kwenye vilima vya itale, mwepesi, usioshika maji wala rutuba. Mkulima huutia samadi, na hapo tena desturi ya kale inaingia shambani, maana Mgogo ni mfugaji na zizi liko karibu. Ukifika Kondoa udongo ni kisa kingine: mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwa amri kutoka maeneo yaliyoliwa na makorongo. Nchi ikapona taratibu, nyasi na miti vikarudi. Samadi, hata hivyo, iliondoka na ng'ombe.

Kutoka Bihawana, mzabibu ulipata walezi wengine, na kila mlezi aliuachia ladha. Mmoja wao alikuwa Gereza la Isanga, mjini Dodoma. Gereza lilikuwa na ardhi na mikono isiyolipwa, na zabibu inataka mikono: kufunga matawi kwenye waya, kupogoa, kupuliza, kufukuza ndege, kukata kishada kimoja kimoja. Inanichekesha kidogo kwamba kilimo kinachohusishwa na anasa kilisambaa Dodoma kwa msaada wa madhabahu na jela. Kisha ikaja serikali yenyewe. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamishia Wagogo kwenye vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Na mji uliokusudiwa kuwa mkuu ukahitaji zao la kujivunia. Shirika la umma la mvinyo, DOWICO, likawa mnunuzi wa zabibu za wakulima, na jina la Dodoma likaanza kusomwa kwenye chupa katika baa za Dar es Salaam na Mwanza.

Mvinyo wa zama hizo ulikuwa mtamu, na wapo wanaoukumbuka kwa kukunja uso. Tuutendee haki. Chachu ikishika sukari hutoa joto, na tangi kubwa lisilo na mashine ya kupoza, katika chumba chenye joto la Dodoma, hujichemsha lenyewe. Likipita nyuzi 35 hivi, chachu huchoka na kufa kabla ya kumaliza kazi, sukari inabaki. Kiwanda kinachopata umeme wa kusuasua hakiwezi kuchagua mvinyo mkavu hata kikitaka. Na wanywaji hawakuulalamikia utamu. Waliuzoea, wakaupenda, wakauita wa nyumbani. Nilichokwisha kusema juu ya mtungi wa pombe kinafaa hapa pia: kinywaji huonekana sahihi kikiwa na ladha ambayo watu walikinywea mara ya kwanza pamoja. Wazalishaji waliokuja baadaye na mvinyo mkavu wa kufurahisha majaji wa Ulaya walirudi wakakuta soko la Dodoma bado linaomba mtamu.

Soko huria la miaka ya 1990 lilimkata mkulima miguu. Shirika la umma lilipodhoofika, mnunuzi wa uhakika alitoweka, na mvinyo wa Afrika Kusini ukaingia madukani kwa wingi baada ya 1994. Wakulima wengi waliacha mashamba yao yageuke vichaka. Wengine waling'oa mizabibu wakapanda mahindi, wakirudi kwenye nafaka ambayo angalau inaliwa. Mzabibu ambao haujapogolewa miaka mitatu unatisha kuutazama, waya umelegea, matawi yametambaa chini na mchwa wameshika nguzo.

Waliourudisha ni mchanganyiko wa ajabu. Misheni ya Bihawana haikuwahi kuacha kabisa. Tanzania Distilleries, wenye Konyagi, walinunua zabibu na kuuza mvinyo kwa jina la Dodoma. Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji karibu na bwawa, Waitalia walirudi mwanzoni mwa miaka ya 2000, safari hii bila joho, wakaanzisha kampuni ya Cetawico, na pamoja na Makutupora na Chenin Blanc wakapanda aina za kwao: Aglianico ya kusini mwa Italia, Teroldego na Marzemino za milima ya kaskazini. Sijui mtu aliyetegemea Teroldego, zabibu ya mabonde yenye theluji, kukubali uwanda wa kati, lakini ilikubali. Chinangali, wilayani Chamwino, serikali ilifungua mashamba ya pamoja ya umwagiliaji ambako kila mkulima ana ekari zake. Alko Vintages na wengine wakafuata. Leo si ajabu kusikia Tanzania ikitajwa ya pili baada ya Afrika Kusini kwa mvinyo katika nchi za kusini mwa Sahara.

Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilipofunguliwa mwaka 2018, Kolo ilikaribia Dodoma kuliko wakati wowote. Zamani basi lilikaa siku nzima kwenye vumbi na masika lilikwama kwenye madaraja. Sasa kreti hupita kuelekea mahoteli ya Arusha na watalii wa Serengeti. Warangi, walio wengi Waislamu, hawakuwa soko la mvinyo na hawajawa. Lakini wanaobeba, wanaopakia, wanaouza mafuta na chakula njiani ni wao, na katika vijiji vya mbele zaidi bado nafaka huloweshwa ikafunikwa magunia, kwa shughuli ambazo mvinyo haujawahi kuombwa kuzihudumia. Hakuna aliyepanda Mungumi na chupa ya Chenin Blanc, na sitegemei kumwona. Mababu walizoea uwele.

Kwenye mashamba ya Dodoma, shida ya sasa ina jina la mtaani: mchuzi. Wakulima na vikundi vingi hukamua zabibu zao wenyewe na kuuza mvinyo wa jumla, haujachujwa vizuri wala haujafungwa chupa, ukiwa katika mapipa na matangi ya plastiki. Huo ndio mchuzi wa zabibu. Kampuni hununua, huchanganya, hutengeneza, hubandika nembo. Mwaka mzuri kwa mvua na vishada huweza kuwa mwaka mbaya kwa mwenye shamba, kwa kuwa mchuzi wa msimu uliopita bado uko tangini wakati zabibu za msimu mpya zimeanza kupata rangi. Ndani ya tangi hilo, zabibu ya Machi na ya Agosti, ya Mpunguzi na ya Hombolo, ya mchanga na ya mfinyanzi, zimekuwa kitu kimoja kisicho na kwao.

Na tunda bichi halina subira hata hiyo. Likikatwa, katika joto la Dodoma, siku mbili tatu linaanza kuchachuka lenyewe ndani ya kreti. Mkulima mwenye uzoefu huonja, hutema mbegu kiganjani na kuitazama: ikiwa kijani bado, ikiwa kahawia na inavunjika kwa kelele kati ya meno, imefika. Mnunuzi huja na kipima sukari chake, hukamulia tone moja juu ya kioo, hulielekeza juani, husoma namba, na bei inatoka hapo. Vipimo hivyo viwili mara nyingi vinakubaliana juu ya ubora. Juu ya siku ya kuvuna havikubaliani, kwa sababu lori la mnunuzi lina ratiba yake: likija wiki moja kabla ya mbegu kuwa kahawia, mwenye shamba anavuna wiki hiyo.